Dirisha Lililooza kwa Ndani

Rhona Gilfillan hakuwa na imani na rangi. Akiingia katika nyumba ya mtu, kabla hajavua koti wala kukaribishwa chai, alikwenda moja kwa moja dirishani, akatoa mfukoni bisibisi nyembamba aliyoinoa ikawa na ncha kama sindano, akaidunga kwenye mbao za chini, pale maji yanapopenda kulala. Ikigonga ubao mgumu alinyamaza, akaenda dirisha la pili. Ikizama, aliguna. Wenye nyumba wengine walichukia kuona mgeni anayachoma madirisha yao namna ile, lakini yeye aliwaambia kwamba amekwisha kuona fremu zinazong'aa kama sahani huku ndani zimebaki unga mtupu.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mpana wa mabega, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya vioo. Karakana yake ilikuwa chini ya tao la reli ya zamani huko Leith, upande wa bandari wa Edinburgh, na kazi yake ilikuwa moja tu: kufufua madirisha ya asili ya nyumba za mawe. Ni yale ya fremu mbili, ya juu na ya chini, zinazopandishwa na kushushwa badala ya kufunguliwa kwa bawaba. Kila fremu huning'inia kwa kamba inayopita juu ya kapi na kufungwa kwenye chuma kizito kilichofichwa ndani ya kisanduku cha mbao ukutani, ili mtu anyanyue kioo kizito kwa vidole viwili. Kamba ikikatika, chuma huanguka ndani ya ukuta kwa kishindo, na wengi hapo ndipo walipomkumbuka Rhona. Babake, Mzee Dod, alimfundisha kazi hiyo kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume; baadaye akawa anajigamba kwamba hata angejaliwa, asingemfundisha huyo.

Tabia ya kushuku hakuirithi kwa babake. Mzee Dod alimwamini kila mtu, hata watabiri wa hali ya hewa. Rhona aliipata kwa mumewe, Alec, aliyefanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini, wiki mbili huko na wiki mbili nyumbani. Miaka sita Rhona alimfungia soksi za sufu na kumsindikiza kituo cha treni. Siku moja, akikagua mifuko ya suruali kabla ya kufua, akakuta tiketi ya basi la Kirkcaldy, ng'ambo tu ya ghuba, ya tarehe ambayo Alec alipaswa kuwa katikati ya mawimbi. Kumbe baharini alikuwa akikaa wiki moja. Ya pili aliimalizia Kirkcaldy, kwa mwanamke mwenye watoto wawili na mbwa, na mbwa yule, Rhona aliambiwa baadaye, alimpokea Alec mlangoni kama bwana wake. Waliachana bila kelele. Lakini tangu hapo, mtu akimwambia leo ni Jumanne, Rhona alitazama kalenda kwanza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi Oktoba moja, majani yakipukutika na ukungu wa bahari ukiwa umelala juu ya paa, alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa Gregor Imrie. Alisema shangazi yake ana madirisha matatu ya sebuleni yaliyooza kabisa, na yeye anahitaji fundi anayejulikana aje ayaone, aandike barua kwamba hayaokoleki. Ofisi ya majengo ya kale, alieleza, haitoi ruhusa ya kuweka madirisha ya plastiki mpaka ithibitishwe kwamba yale ya asili yamekufa.

Hapo hapo Rhona alihisi kitu. Watu humwita fundi aponye; huyu alikuwa anamwita aje azike.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye mtaa unaoteremka kuelekea bandarini. Gregor ndiye aliyefungua mlango: mwanamume wa miaka arobaini na kitu, suti nadhifu, viatu vya kung'aa, funguo nyingi kidoleni. Alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya kuuza nyumba. Shangazi yake, Bi Effie Imrie, alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na jiko la gesi, amevaa sweta mbili na kilemba cha sufu, miguu ndani ya viatu vya manyoya. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alihamia nyumba ile akiwa na miaka tisa, wazazi wake wakafia humo, na yeye hakuolewa. Miaka thelathini na minne alibandika lebo kwenye chupa za wiski katika ghala moja la bandarini, mpaka ghala likafungwa na kugeuzwa makazi ya matajiri.

Rhona alimwamkia bibi, akaenda dirishani na bisibisi yake. Gregor alimfuata nyuma kama kivuli.

"Umeona, mama fundi? Uji mtupu. Hapo hakuna cha kuokoa."

"Bado naangalia, bwana."

"Angalia, angalia. Mimi nakwambia tu usijichoshe."

Bisibisi ilizama kweli. Kizingiti cha dirisha la kwanza kilimeza ncha yote. Lakini Rhona alipoinua fremu na kutoa mkono nje kwenye baridi, akadunga upande wa nje, ule unaopigwa na mvua na upepo wa bandari, ncha ikagonga na kurudi. Ubao wa nje ulikuwa mgumu kama jiwe, msonobari wa zamani uliojaa utomvu, ambao siku hizi huupati popote. Akajaribu dirisha la pili, kisha la tatu. Yote yalikuwa hivyo hivyo, nje mazima, ndani yameoza.

Alisimama hapo akitazama. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuona mvua inayonyesha sebuleni.

Aliwasha tochi akainama. Mahali fremu ya chini inapokalia kizingiti, chini ya rangi iliyobanduka, kulikuwa na vitundu vidogo vya duara, vilivyopangika, kila kimoja upana wa njiti ya kiberiti. Wadudu wa mbao hawatoboi kwa mstari. Puti inayoshikilia vioo nayo ilikuwa imechokonolewa kwa kitu chenye makali butu. Rhona alizima tochi bila kusema neno. Alijua mtu akishtukia kwamba umeona, huacha kufanya, na akishaacha kufanya hakamatwi.

Alimgeukia Gregor akamwambia kwamba madirisha yanaponyeka. Atakata sehemu iliyooza, ataunga mbao mpya, atabadilisha kamba, na yataishi miaka mia nyingine. Uso wa Gregor ulibadilika. Akauliza kama ana hakika, akauliza tena, akasema plastiki ingewekwa kwa siku moja. Kwenye kiti chake Bi Effie alitazama mikono yake tu. Rhona aliliona hilo, akalitafsiri kuwa woga.

"Nyumba ni ya nani?" akauliza.

"Yangu," akajibu Bi Effie polepole.

"Basi bibi ndiye wa kuniambia. Nitengeneze?"

Bi Effie alimtazama mpwa wake, kisha akalitazama dirisha. "Tengeneza, mwanangu. Kama huna budi."

Maneno hayo ya mwisho Rhona aliondoka nayo, akayatafuna njia nzima.

Alianza na dirisha la kwanza. Alitoa fremu zote mbili, akaziba nafasi kwa ubao mnene na sufu ya kuzuia baridi, akazipeleka karakana. Kabla hajaondoka alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Kwenye madirisha mawili yaliyobaki aliziba kila kitundu kwa kijiti kidogo cha mbao, akakikata sawa na uso wa ubao, akapitisha mstari mwembamba wa penseli juu yake. Kijiti kikitolewa, mstari utakatika.

Gregor, Rhona alivyoambiwa na bibi, alikuwa akija Jumanne na Ijumaa baada ya kazi. Kwa hiyo Rhona alipanga kupita Jumatano na Jumamosi, akisingizia kupima. Jumatano ya kwanza akakuta vijiti vitatu havipo, na kizingiti kikiwa na unyevu. Jumamosi vikawa vitano, na zulia chini ya dirisha likiwa limelowa. Jumatano iliyofuata, vivyo hivyo. Rhona aliandika kila kitu kwenye daftari lake: siku, idadi, dirisha gani. Kila akitazama ukurasa aliona jina moja, ingawa hakuliandika. Haikumpitia akilini kwamba hajawahi kupita Jumatatu, wala Alhamisi, wala siku yoyote isiyotanguliwa na ziara ya Gregor.

Alijaribu kumchokoa bibi. Wakinywa chai na biskuti za siagi, aliuliza kwa mbali kama mpwa wake anampenda. Bi Effie alisema Gregor ni mtoto mzuri, alimlea yeye mwenyewe nusu ya utoto wake, mamake alipokuwa mgonjwa. Rhona akauliza kama Gregor huwa anagusa madirisha akija.

"Kwa nini aguse?"

"Nauliza tu, bibi."

"We mwanamke," Bi Effie akasema, akimkazia macho juu ya kikombe, "una macho kama ya maofisa wa forodha pale ghalani. Walikuwa wakitupekua mpaka ndani ya viatu tukitoka kazini. Na unajua? Wiski ilitoka kila siku, na hawakuipata hata mara moja."

Bibi alicheka, lakini Rhona aliona chai ikimwagika kwenye kisahani. Akasema moyoni: huyu mzee anamficha mtu.

Kilichomaliza shaka yake kilitokea Ijumaa moja saa kumi. Alikuwa akiteremsha mbao kutoka kwenye gari lake, Gregor naye akaegesha nyuma yake. Gregor alifungua buti kutoa hita ya umeme, mpya, bado ndani ya boksi lake. Kando ya boksi, ndani ya mkoba uliofunguka, Rhona akaona keekee ya umeme pamoja na misumari yake ya kutobolea, mikubwa kwa midogo. Gregor akaona anatazama, akafunga buti kwa haraka.

"Unatafuta kitu, mama fundi?"

"Hapana. Naona una vifaa."

"Mtu akiuza nyumba lazima awe navyo. Bango halijitundiki lenyewe."

Akapanda ngazi amekumbatia hita yake. Hita ile Rhona hakuifikiria hata kidogo. Usiku mzima aliifikiria keekee.

Asubuhi aliandikia ofisi ya majengo ya kale. Barua haikuwa ndefu. Alisema madirisha ya sebuleni kwa Bi Imrie yametobolewa na kumwagiwa maji kwa makusudi, kutoka ndani, ili yaonekane yameoza. Kwamba ana kumbukumbu za tarehe. Kwamba uharibifu hutokea kila baada ya ziara ya mpwa wa mwenye nyumba, ambaye ni muuzaji wa nyumba na ndiye aliyemtaka aandike kwamba madirisha hayafai. Alitia sahihi, akaitia barua kwenye sanduku la posta, akarudi kazini akiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Siku kumi na mbili baadaye, asubuhi, Gregor aliingia karakana bila kubisha. Hakuvaa suti. Mkononi alikuwa na barua, imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka imelegea.

"Umeandika wewe?"

Rhona aliweka randa chini. Akasema ndiyo, ameandika yeye, na kila neno analisimamia. Gregor alimwambia kwamba ofisi ya majengo ya kale imetuma nakala ya barua ile kazini kwake, kwamba katibu aliifungua, kwamba sasa mkuu wake anamwuliza kama huwa anawaharibia wazee nyumba zao ili aziuze. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, na hilo lilimkera Rhona zaidi, maana alijiandaa kwa kelele.

"Vitundu vile vimejitoboa?" Rhona akamwuliza.

"Vitundu gani? Mimi sijui vitundu."

"Na maji?"

"Maji gani, mama? Mimi naingia mle nimevaa koti, nakaa nimevaa koti, naondoka nimevaa koti. Shangazi akiongea, moshi unamtoka mdomoni. Ndani! Mwaka jana nilimkuta amelala na kofia na glavu. Nimemwambia ahamie kwangu, hataki. Nimemwambia nyumba ya wazee, akanitupia kisahani. Nikasema basi, angalau madirisha. Hilo ndilo kosa langu?"

Rhona alisema maneno kama hayo aliyasikia zamani, kwa mtu aliyejua kuyapanga vizuri zaidi. Gregor akakunja barua, akatoka. Hakuupigiza mlango. Aliuacha wazi, baridi ikaingia.

Rhona hakukaa. Alivua aproni, akapanda gari hadi kwa Bi Effie, kwa kuwa aliona ni haki bibi asikie kutoka kwake kabla mpwa hajafika na hadithi yake. Ilikuwa Alhamisi. Alibisha, akasubiri, akabisha tena. Ndani alisikia mwendo wa viatu vya manyoya, ukienda, ukirudi, kisha kitu cha bati kikiwekwa chini. Bi Effie alipofungua alikuwa anahema.

Rhona alimketisha, akamweleza yote: vitundu, vijiti, penseli, tarehe, barua. Alimwambia asiogope, kwamba hakuna mtu atakayemgusa, kwamba kuna wazee wengi wanaotendewa hivyo na jamaa zao na wanaona haya kusema. Bi Effie alisikiliza mpaka mwisho. Alipolisikia jina la Gregor ndani ya barua iliyokwenda serikalini, alishika mikono ya kiti.

Akainuka. Alikwenda jikoni kwa mwendo wake wa taratibu, akakawia. Rhona, aliyebaki sebuleni, alitazama dirisha la tatu kwa mazoea tu. Vijiti vinne vilikuwa vimetolewa, vimepangwa vizuri pembeni. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenye kizingiti. Na yalikuwa yanatoa mvuke.

Bi Effie alirudi na kitambaa cha kukaushia vyombo. Alikifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na keekee ndogo ya mkono, ya zamani, yenye mpini wa mti uliong'arishwa na vidole, pamoja na kisu cha siagi kilichopinda ncha.

"Ilikuwa ya baba yangu," akasema. "Alikuwa akitengenezea vizimba vya njiwa."

Rhona aliigeuza keekee: msumari wake ulikuwa na upana wa njiti ya kiberiti.

Bi Effie aliketi, akaeleza bila kuinua sauti, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Miaka miwili mfululizo aliiandikia ofisi kwamba anakufa kwa baridi, kwamba upepo unapita dirishani mpaka pazia linacheza. Mara zote mbili alijibiwa kwa heshima kwamba madirisha ya asili hayabadilishwi yakiwa yangali mazima, ila yakioza kabisa ndipo yanaweza kufikiriwa. Alisoma mstari ule mpaka akauelewa vizuri.

"Nikasema, aa, kumbe ni kuoza tu. Basi yataoza." Akapangusa meza kwa kiganja. "Kila asubuhi nikichemsha chai, birika moja langu, birika moja lao. Ukaja wewe na vijiti vyako. Unajua kazi uliyonipa? Na macho yenyewe haya!"

"Ungeniambia, bibi."

"Nikwambie nini? Ulikuwa unachungulia kama polisi. Na Gregor nimwambie nini? Akijua nalala na glavu kila usiku, si atanibeba mgongoni hadi kwenye ile nyumba ya wazee? Yeye alikuta usiku mmoja tu." Akaifunika keekee kwa kitambaa. "Sasa mtoto wangu anaitwa mwizi kazini kwake, kwa birika langu mimi."

Rhona aliuona akilini ukurasa wa daftari lake, Jumatano na Jumamosi, Jumatano na Jumamosi, akaona siku zote ambazo yeye mwenyewe hakuja. Akasema ataandika barua nyingine siku hiyo hiyo, aseme alikosea. Lakini barua ya kusema Gregor hakufanya ingezua swali la ni nani basi aliyefanya, na Rhona hakujua ofisi humfanya nini mwenye nyumba anayeharibu mali yake iliyolindwa. Alipolisema hilo, Bi Effie alinyoosha mkono.

"Nipe kalamu. Barua yako andika, na yangu nitaandika mwenyewe. Sijawahi kuandikiwa uongo wangu na mtu mwingine."

Waliandika wakiwa wamekaa meza moja. Ya Bi Effie ilikuwa kurasa tatu, na mwishoni aliongeza kwamba kama kuna faini waitume kwake na si kwa mtu mwingine, ila waje kuichukua wenyewe mwezi wa Januari na wakae sebuleni kwake saa mbili bila koti. Rhona alipeleka nakala za barua zote mbili hadi ofisini kwa Gregor, akamwomba mkuu wake azisome mbele yake. Mkuu alisoma, akasema sawa. Gregor alikuwa kwenye meza ya pili. Hakuinua kichwa.

Wiki mbili baadaye ofisi ilimtuma mtu, Bwana Pettigrew, mrefu mwembamba mwenye mafua. Bi Effie alimkalisha kwenye kiti cha dirishani makusudi. Alikunywa vikombe viwili vya chai akiwa amekunja mabega, akaandika kidogo, akasema kwa kuwa madirisha yanatengenezwa haoni haja ya kulifikisha jambo mbele. Akaongeza kwamba hakuna sheria inayokataza kuweka kioo cha pili upande wa ndani, mradi cha kwanza kisiguswe. Bi Effie akamwuliza kwa nini jambo hilo halikuandikwa kwenye barua zao. Bwana Pettigrew akapenga kamasi, akasema hakuulizwa.

Rhona alifanya kazi ile kama hajawahi kufanya nyingine. Alikata uozo mpaka akafika kwenye ubao ulio hai, akaunga msonobari wa zamani aliouhifadhi kutoka kanisa lililobomolewa. Vioo vya asili, vyenye mawimbi na vipovu, alivirudisha kimoja kimoja kwenye puti mpya. Alibadilisha kamba, akatia mafuta kwenye kapi, akazungushia fremu brashi nyembamba za kuzuia upepo, akaweka kioo cha pili kwa ndani. Kisha, akikwangua rangi kwenye mbao za kando ya dirisha, patasi yake ikaingia katika ufa ulionyooka mno. Akaufuata. Nyuma ya tabaka tisa za rangi kulikuwa na vibao vya kukunja vya kufunikia dirisha usiku, vimelala ndani ya ukuta, vimepigiliwa misumari. Vilikuwepo kwenye madirisha yote matatu. Bi Effie alivitazama vikifunguka, akasema baba yake alivipigilia mwaka ule walipohamia ili asibughudhiwe na vishindo vya upepo, na yeye alisahau kabisa kwamba vipo.

Siku ya kutundika fremu ya mwisho, Gregor alikuwepo. Rhona asingeweza kuiinua peke yake hadi juu ya ngazi, na Gregor alivua koti bila kuombwa, akashika upande wa pili. Walifanya kazi bila kuzungumza, yeye akishikilia, Rhona akifunga kamba kwenye vyuma. Chuma cha mwisho kilipoteremka kimya ndani ya ukuta na fremu ikapanda yenyewe, Rhona alifuta mikono, akamwambia kwamba alimkosea, na anaomba radhi.

Gregor aliendelea kutazama dirisha.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ningeuliza, ungejibu, na nisingekuamini."

"Hata hivyo. Ungeniuliza."

Bi Effie aliita kutoka jikoni kwamba nyama ya kusaga na viazi vinapoa, na kwamba mtu anayetaka kununa anunie mezani. Walikula. Gregor alimpitishia chumvi Rhona alipoiomba, lakini hakumtazama, na alipoondoka alimuaga shangazi yake peke yake.

Rhona hakugeuka mtu mwingine baada ya hapo. Aliendelea kudunga madirisha ya watu kabla ya kuvua koti. Ila katika daftari lake, akianza nyumba mpya, alizoea kuandika siku zote saba za wiki, na kwa siku ambazo hakwenda aliandika: sijui.

Januari ilikuja na theluji nzito. Jumapili moja mchana, simu yake ililia. Alikuwa Gregor, kwa mara ya kwanza tangu vile viazi.

"Mama fundi," akasema bila salamu, "njoo uongee na shangazi yangu. Theluji magotini, na yeye amekaa na blauzi, amefungua dirisha. Eti kuna joto. Nikimwambia afunge ananiambia niende nyumba ya wazee mimi."

"Amelifungua kiasi gani?"

Rhona alimsikia akivuka chumba, na nyuma yake sauti ya Bi Effie ikilalamika.

"Vidole viwili," Gregor akasema.

"Mwache," Rhona akamwambia. "Nitapita kesho nilitazame."

"Kesho Jumatatu, si siku yangu," Gregor akasema. "Ila nitakuwepo. Njoo saa ya chai."